Jeni, Nyamaza Kidogo

Shume, Lushoto
11 Februari 2024

Mwanangu Salvatory,

Najua ungekuwa hapa ungeshasema shikamoo na mimi nimeshasema marahaba, kwa hiyo hiyo tuihesabu imepita. Onga makeo, kama tunavyosalimiana huku kwetu asubuhi. Mimi shangazi yako Jenoveva ni mzima, domo langu nalo zima, magoti tu ndiyo yanagombana na baridi. Nasikia hata huko Njombe ni baridi. Basi hujaondoka Shume, umehama chumba tu.

Huyo Padre Mlezi wenu muulize kwa niaba yangu: huu mwaka mzima wa unovisi, wa kupimwa kabla ya nadhiri, bila simu, anayekataa simu ni Mungu au ni yeye? Barua mimi nilikuwa nimeshasahau zinaanzia wapi. Hii nimeipiga mwenyewe kwa kidole kimoja kwenye kompyuta ya sebuleni. Kila neno inalipigia mstari mwekundu chini, kama yule mwalimu wa darasa la nne aliyenifanya niache shule. Nimeiambia, hata yeye nilimwacha.

Huku tuko hivi. Karoti zimekubali, mapeasi yameliwa na popo. Hidaya wa jirani ameposwa na dereva wa lori la mbao, yule mwenye jino la fedha, na mama yake anatembea barabarani kama yeye ndiye bibi harusi. Angel wangu bado anafundisha kule Lushoto mjini, bado hajaolewa, na ukimuuliza anakwambia, "Mama, nisahihishe madaftari au nitafute mume?" Nimemwambia afanye vyote.

Nyumba ya baba yako iko vile vile ulivyoiacha. Mashine zote zinatumia Linux, siyo Windows: ya sebuleni, ya kibandani kwangu ninapochapia watu matangazo na picha za pasipoti, na kale kakuukuu kanakoendesha televisheni. Virusi hakuna, na ule weusi wa Windows ya kuiba uliokuwa unatuambia sisi ni wezi, siku hizi hatuuoni. Ila watu wanatushangaa. Mama Hidaya kanivuta pembeni baada ya misa akaninong'oneza, "Mama Angel, hii Linaksi yenu mnasali Jumamosi au Jumapili?" Nikamwambia tunasali kila mashine ikiwaka.

Sasa sikia. Angel kwa upendo wake tu alipanda huku Jumamosi na Dula, yule fundi wa kompyuta wa sokoni, ana flashi mfukoni. Eti wamwekee mjomba Windows awe kama watu. Dula kakaa kitini, kakunja mikono ya shati, anasema, "Mzee, Linux ni ya wadukuzi hii, wewe mstaafu wa misitu unadukua nini?" Baba yako hakumjibu. Aliinuka, akachomoa waya ukutani, halafu akaikumbatia ile skrini kama mtoto anayekimbizwa na sindano. Dula alicheka. Angel hakucheka. Mimi nilikwenda jikoni kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Sababu anayo, lakini mimi si wa kuisema.

Ninachotaka kwako ni kimoja. Ile sauti uliyoniwekea kwenye dirisha jeusi, ile unaandika neno sema, halafu maneno yako, na mashine inayatamka kwa Kiswahili kama mtu aliyebanwa pua na kibanio cha nguo. Uliniwekea mimi niwe nasomewa matangazo ya kanisa. Inapunguzwaje kasi? Inakimbia kama mpiga debe. Na inaongezwaje isikike hadi jikoni? Ni kwa ajili yangu. Macho yangu haya.

Baba yako yupo. Koo linamkwaruza kidogo, anakunywa uji. Usijali.

Shangazi yako,
Jenoveva


Nyumba ya Unovisi, Njombe
10 Machi 2024

Shangazi, shikamoo.

Najua umesema tuihesabu imepita, lakini mkono wangu hauwezi kuanza kwingine.

Barua yako ilisomwa mezani, Padre Mlezi ndiye aliyeomba, maana nilikuwa nacheka peke yangu nao wanakula kimya. Swali lako kalijibu. Anasema anayekataa simu ni yeye, Mungu hajaulizwa. Mimi ni mzima. Kazi yangu ni ng'ombe asubuhi na viazi mchana. Kompyuta hapa iko moja, ofisini, sijaigusa tangu nifike. Usiku vidole vinanicheza juu ya blanketi.

Kuhusu sauti. Fungua dirisha jeusi. Baada ya neno sema acha nafasi, andika -s 110 kwa ajili ya kasi, acha nafasi tena, andika -a 200 kwa ajili ya ukubwa wa sauti, kisha maneno yako. Maneno yawe ndani ya alama za kunukuu, mbili mbele na mbili nyuma. Ukizisahau itatamka neno la kwanza tu na kunyamaza. Ukitaka iende taratibu zaidi, shusha hiyo 110. Spika za zamani ziko juu ya kabati la marehemu mama, kwenye boksi la viatu. Hizo zitafika hadi jikoni.

Mpongeze Hidaya. Na Angel mwambie kaka yake anamwombea, madaftari na mume.

Nisalimie wote.

Salvatory


Shume
28 Aprili 2024

Salva mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Nimeweka za akiba.

Barua yako ilikaa mjini karibu mwezi. Mvua imekula barabara, Mombo kuja juu magari yalisimama siku kadhaa, na Angel hakuweza kupanda. Karatasi ilifika na alama ya chai, nadhani ni ya Angel, anakunywa chai akiwa anatembea.

Unasema nisalimie wote. Wote ndio kina nani? Nyumba hii ina watu wawili na kuku. Kuku nimewasalimu.

Haya, habari kubwa ya Shume: harusi ya Hidaya nusura ivunjike! Yule dereva mwenye jino la fedha kumbe alishaposa na kule chini Mazinde, na huyo mchumba wa Mazinde akapanda mpaka huku na mwavuli, akakaa kwenye ngazi za kanisa, anafungua mwavuli, anafunga, anafungua. Mama Hidaya akazimia. Akazinduka, akaangalia kama tunamtazama, akazimia tena. Wamesuluhishwa lakini. Harusi ipo, jino tu ndilo kaambiwa aling'oe, maana ndilo lililomtambulisha.

Sauti imekubali! Na spika nimezitoa. Sasa inaongea kama mzee wa kanisa, taratibu, na inafika mpaka bandani, kuku wanainua shingo. Juzi ndiyo nilichoka kucheka. Nilikuwa jikoni namhadithia baba yako hiyo habari ya mwavuli, nimefika pale pa kuzimia mara ya pili, mara nasikia kutoka sebuleni ile sauti ya pua: Jeni, nyamaza kidogo. Nikakaa chini na mwiko wangu. Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki yenyewe.

Eh. Nimeshaandika. Angel alinionyesha kitufe cha kufutia lakini kinakula herufi moja moja na mimi nimechoka. Basi chukulia nilikuwa nacheza nayo mwenyewe, najiambia ninyamaze. Kuna mambo mwenye nyumba kanikataza kuyaandika, na kaniapisha kwa kaburi la mama yako Tabitha, wifi yangu aliyenipenda. Kwa hiyo usiniulize.

Ninachouliza ni hiki. Mtu akishaandika sentensi, na kesho anataka ile ile, hakuna namna ya kuirudisha bila kuiandika upya yote? Maana vidole vinachoka. Vyangu mimi.

Bada, ule ugali wetu wa muhogo, sipiki siku hizi, hakuna mlaji. Ni uji tu, na maziwa ya vuguvugu.

Shangazi yako,
Jenoveva


Njombe
26 Mei 2024

Shangazi, shikamoo.

Ipo namna. Ukiwa kwenye dirisha jeusi, bonyeza kishale cha juu. Sentensi ya mwisho itarudi. Ukibonyeza tena, itakuja iliyokuwa kabla yake, na tena, na tena, kurudi nyuma. Ukifika unayoitaka, bonyeza Enter na itatamkwa. Hata mkizima kompyuta na kuwasha, inakumbuka. Ila ukimaliza funga dirisha vizuri, usichomoe waya ukutani.

Huku mmoja wetu ameondoka, alikuwa jirani yangu wa kitanda. Amefunga sanduku lake Jumatatu. Hakutuambia kwa nini. Wote tulimsindikiza hadi getini tukampa mkono.

Sitakuuliza ulichokatazwa.

Nilishaanza barua kwa baba. Nimeianza zaidi ya mara moja. Naandika Baba, shikamoo, halafu naona ile siku ya kuondoka, mimi nimesimama na begi, nimenyoosha mkono, na yeye mikono yake ameiweka nyuma. Alisema, "Nyumba hii niliijenga ya watu, siyo ya kufungwa na kufuli. Nenda. Sikuagi." Basi naikunja karatasi. Akikuuliza habari zangu, mwambie ni mzima. Asipouliza, usimwambie kitu.

Jambo moja niliandike ili lijulikane. Hapa novisi haombi mwenyewe ruhusa ya kwenda kwao. Hata kama ana wasiwasi gani. Ni lazima nyumbani wapige simu kwa Padre Mlezi, waseme mzazi anaumwa, wanamhitaji. Akipigiwa, siku hiyo hiyo mtu anapewa nauli. Namba unayo, niliibandika nyuma ya mlango wa jikoni.

Mwezi wa kumi na mbili tunaweka nadhiri. Baada ya hapo tuna likizo.

Nisalimie. Nisalimie tu.

Salvatory


Shume
7 Julai 2024

Salva,

Leo sina habari za Hidaya.

Ni baridi, majani asubuhi ni meupe kama yamenyunyiziwa unga. Nimehamishia jiko la mkaa sebuleni, karibu na kompyuta, kwa ajili ya mtu anayekaa pale kutwa.

Baba yako kauliza. Usiniulize kauliza kwa mdomo gani. Kauliza, "Salva anakula?" Nikamsomea barua zako zote mbili, kidole kinatembea chini ya maneno, yale magumu nikayaruka. Pale pa mikono nyuma nilitaka kuparuka, lakini alikuwa anasoma pamoja nami, aliniwekea kidole pale pale. Akatazama mikono yake. Akanifanyia ishara nisome tena.

Nikamwambia, "Bartholomeo, namba iko nyuma ya mlango. Niseme neno moja tu kwa Padre." Akakataa. Nimemwambia jana, nimemwambia leo asubuhi, na leo mchana hata hajaandika, kabonyeza kile kishale chako, kikarudia alichosema jana. Anasema ukiitwa utakuja kwa sababu umeitwa. Yeye anataka uje kwa sababu ni kwenu.

Nimemsomea pale unaposema novisi haombi. Kaandika, "Akitaka atapata njia." Ninyi wawili mmezaliwa na kichwa kimoja, mkagawana ugumu.

Mimi nimeapa, Salva. Mkono wangu nimeuweka kwenye msalaba wa mama yako, mvua inaninyeshea. Namba siigusi. Lakini barua hakuniapisha nisilie ndani yake.

Kila jioni nikiwa jikoni anasukuma mlango wa sebuleni, anapunguza spika, anafanya mazoezi ya kusema kitu. Kile kile. Anakibadilisha kidogo, anakirudia. Nasikia mlio tu, maneno siyasikii, na mlango siusukumi. Mimi huyu, mlango siusukumi.

Tafuta njia.

Jenoveva


Njombe
15 Septemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Nimechelewa kuandika. Nimechelewa kwa makusudi. Tangu nirudi huku baada ya mazishi nilikuwa sitaki kuiona karatasi.

Barua yako ya Julai niliipata siku chache kabla ya simu. Nilikwenda mlangoni kwa Padre Mlezi, nikasimama. Niliona viatu vyangu vina mavi ya ng'ombe, nikasema ngoja kwanza nikavifute. Nikavifuta. Sikurudi. Nilijiambia, akinihitaji ataniita. Mtu mzima ataniita.

Kisha ile asubuhi nilikuwa bandani, Padre akaja mwenyewe, hajavaa koti. Akasema, "Nyumbani wamepiga. Baba yako anaumwa, wanakuhitaji." Shangazi, nilifurahi. Nisamehe, lakini lazima nikwambie. Nilifurahi, nikadhani ameniita. Njia nzima nilikuwa napanga. Nitasema shikamoo, sitanyoosha mkono kwanza, nitasubiri yeye. Nilipanga hadi nitakaa kiti kipi.

Mombo nikashuka kutafuta gari la kupanda juu. Faraji kondakta, ambaye baba alimfundisha kupanda miti, alinipokea begi, akaliweka yeye mwenyewe kiti cha mbele. Akanishika bega. Akasema, "Pole sana, Salva. Mzee tulimpenda." Na mimi nikasema asante. Nilisema asante kama mtu anayejua. Nikakaa. Gari likapanda kona zote zile na mimi nimeshika begi, watu wananipa pole moja moja, nami nawajibu.

Wewe, shangazi. Umeniandikia mwavuli wa mwanamke wa Mazinde unavyofunguliwa na kufungwa. Umeniandikia jino. Uvimbe kwenye koo la baba yangu hukuandika. Kwamba sauti yake imekwisha tangu mwezi wa kwanza hukuandika. Uliniuliza kasi, nikakujibu kasi. Uliniuliza kurudia, nikakujibu kurudia. Nilikuwa namfundisha baba yangu kuongea na nikaandika kama maelekezo ya redio.

Nimeandika hayo kwa hasira na sitayafuta. Lakini nadhani nilijua. Tangu barua ya Aprili. Ati vidole vyako vinachoka, ati mashine ikusemee. Wewe hujawahi kuhitaji cha kukusemea.

Siku za msiba ile kompyuta ilikuwa imefunikwa kitenge, na juu yake watu wameweka sahani. Sikuifunua. Angel aliniambia Dula yuko tayari kuisafisha na kuiweka Windows bure, iende kibandani ifanye kazi. Fanyeni mnavyoona. Mimi sina cha kusema juu yake.

Salvatory


Shume
20 Oktoba 2024

Mwanangu Salvatory,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea ingawa ilikuwa na miiba.

Nimechelewa na mimi. Kwanza nilitaka kukujibu siku hiyo hiyo, na ningekujibu vibaya. Halafu nikataka kumpa Angel akuandikie vizuri, kwa Kiswahili cha mwalimu. Halafu nikasema hapana, matusi kayapata Jenoveva, Jenoveva ajibu, mistari myekundu na iwe.

Habari ya namna ile kwetu haiandikwi, na mtu hapigiwi simu akaambiwa akiwa peke yake na ng'ombe. Unaitwa kwa mgonjwa. Unafika, unatukuta tumekaa chini, unajua mwenyewe, na watu wa kukushika wapo. Baba yako aliambiwa hivyo hivyo kifo cha babu yako, alitoka Tanga amebeba machungwa ya mgonjwa. Hivyo ndivyo nilivyotaka na wewe. Kosa langu ni Faraji. Nilimwagiza akupokee begi, akupe kiti cha mbele, usilipe. Sikumwagiza anyamaze. Mimi! Watu wa kuambiwa wanyamaze nawajua wote huku juu, wa kwanza ni mimi, na huyo nikamsahau.

Simu nilipiga alipokuwa ameshakwenda. Kiapo kilikuwa mpaka pale.

Sasa nikueleze ya kompyuta. Dula alikuja na Angel wiki iliyopita, na flashi yake ile ile. Nikawapa chai. Nikafunua kitenge, nikafuta vumbi, nikasema haya. Dula kakaa, kakunja shati, kanyoosha mkono kwenye kile kitufe. Sijui nilifikaje. Nilishtukia nimeikumbatia, shavu langu kwenye kioo, kioo cha baridi. Angel anasema, "Mama, taratibu." Dula anasema, "Mama Angel, kwani humu mna nini ninyi watu?" Nikafungua mdomo nimjibu, Salva, na hakikutoka kitu. Mara ya kwanza tangu nizaliwe. Dula aliona vibaya, akavaa koti lake, chai hakumaliza.

Walipokwenda nikaiwasha. Nikafungua dirisha jeusi. Nikabonyeza kishale cha juu.

Yamo maneno yake, mwanangu. Yote kama alivyoyasema, ya mwisho ndiyo ya kwanza. Nilikaa pale mpaka mkaa ukawa majivu. Maji. Siyo hayo, ya moto. Kuku wamekula? Mwambie padre asihubiri sana siku yangu, watu wana mashamba. Yule dereva wa Hidaya simwamini. Vuta blanketi. Angel asije na kioo, sitaki kujiona. Jeni, nyamaza kidogo. Hiyo iko nyingi, kila nikipanda naikuta, nikadhani mashine imekwama. Haijakwama. Ni mimi nilikuwa naongea.

Nikazidi kupanda, nikafika kwenye zile za jioni, zile za mlango kusukumwa. Karibu, Salva. Inayofuata, Karibu nyumbani, Salva. Inayofuata kaongeza, Umekula? Inayofuata kaitoa umekula, kaweka mwanangu. Amezipunguza kasi, kaongeza kasi, anatafuta ya kusikika kama mtu. Zimejaa pale, moja juu ya nyingine, jioni kwa jioni. Na katikati yake ipo moja kaiandika mara moja tu: Karibu nyumbani, mwanangu. Nipe mkono.

Hiyo sikubonyeza Enter. Nyingine nilizibonyeza, nikazisikia, nikalia zangu. Hiyo nimeisoma kwa macho tu, nikashuka chini taratibu kama ninayeacha mtoto aliyelala. Haijatamkwa tangu aitamke yeye. Wewe ndiye utakayeibonyeza.

Nimemwambia Angel kompyuta haiendi kibandani. Linux inabaki sebuleni, nyumba nzima inabaki, na Mama Hidaya akiuliza tena tunasali lini nitamkaribisha. Dirisha nalifunga vizuri ulivyosema. Kuchomoa waya ni marufuku, nimebandika karatasi ukutani.

Mwezi wa kumi na mbili una likizo. Padre Mlezi simpigii. Namba nimeibandua mlangoni. Usiku wako wa kwanza nitapika bada, na kitanda chako nimekianika. Lakini sikuiti, umenielewa? Alitaka uje kwa sababu ni kwenu.

Nina mengine ya kukwambia, Hidaya ana mimba na jino la mumewe limerudi, sijui kalirudishaje, na Faraji kila akipita anasimamisha gari getini anataka niombe radhi au aombe yeye, hatujui nani aanze, na mapeasi mwaka huu nimeyafunga vitambaa, popo wasubiri. Nimeacha kuandika kidogo, nimegeukia lile dirisha jeusi liko hapa pembeni limefunguka, nimebonyeza kishale mara moja, kama ninavyofanya kila siku, na Enter.

Limesema, Jeni, nyamaza kidogo.

Basi, kaka. Nimenyamaza.

Jenoveva